Pakanga kama zao la biashara Kigezi: mkulima analipwa kwa jani au kwa kilichomo ndani ya jani?

Mwanzilishi wa uzi (Kabale)

Ndugu wanajukwaa,

Kila mvua za Septemba zinapokaribia, wakulima wa Kabale, Rubanda na Kisoro, hapa Kigezi kusini magharibi mwa Uganda, huniuliza swali lile lile: je, pakanga inalipa kuliko viazi? Kazi yangu ni kuwasaidia wakulima kuandika hesabu za mashamba yao, kwa hiyo nimeona jibu langu liwekwe hapa kwa urefu, ili anayetaka kuingia katika kilimo hiki aingie akijua anauza nini, anamuuzia nani, na bei inapangwa wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Pakanga inayotakiwa na viwanda vya dawa ni Artemisia annua, mmea wa msimu mmoja wenye asili ya China. Pakanga yetu ya milimani, Artemisia afra, ambayo bibi zetu walituchemshia kwa homa na kikohozi, haina atemisinini (kiambato kinachotengenezewa dawa za malaria) ya kutosha kukamuliwa kiwandani. Mimea hii ni ya jamii moja na hufanana majani, kwa hiyo anayenunua miche bila kuuliza ni aina gani anaweza kulima msimu mzima asipate hata gunia moja la kuuza.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Mkulima hupima kilo za majani makavu, lakini kiwanda hupima atemisinini iliyomo ndani yake, na vipimo hivi viwili havifuatani. Jani linaweza kuwa na atemisinini kidogo sana, pungufu ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na mbegu chotara zilizotunzwa vizuri zinaweza kupita asilimia 1. Magunia mawili yenye uzito sawa, yaliyotoka katika kilima kimoja, yanaweza basi kutofautiana thamani mara mbili, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Tufanye hesabu ya mfano, na kila mmoja aweke namba zake mwenyewe. Tuseme ekari moja ina miche 4,000, yaani mche mmoja kila mita kwa mita, na kila mche unatoa gramu 200 za majani makavu. Hizo ni kilo 800. Kama majani yana asilimia 0.8 ya atemisinini, ndani ya kilo hizo mna kilo 6.4, na kwa kuwa hakuna kiwanda kinachokamua yote, tuchukulie kwamba asilimia 80 ndiyo inayopatikana, yaani kilo 5 na kidogo. Bei ya dunia ikiwa dola 250 kwa kilo, ekari yako imezalisha atemisinini ya dola 1,280. Kiwanda kinatoa humo gharama za kimiminika cha kukamulia, umeme, mafuta, usafirishaji na faida yake. Tukikubaliana kwamba nusu inarudi kwa mkulima, na dola moja ni shilingi 3,700, mkulima anapata shilingi 2,368,000 kwa ekari, sawa na shilingi 2,960 kwa kilo ya jani.

Sasa punguza asilimia peke yake, kutoka 0.8 hadi 0.5, na usiguse kitu kingine chochote. Mapato yanakuwa shilingi 1,480,000. Kama siku za kibarua ni 120 kwa shilingi 7,000, na mbegu, mbolea, magunia na turubai ni shilingi 300,000, gharama zote ni 1,140,000. Mkulima wa kwanza amebaki na shilingi 1,228,000. Wa pili, aliyelima eneo lile lile kwa jasho lile lile, amebaki na 340,000. Bei ya dunia ikishuka hadi dola 180, huyu wa pili anavuna hasara ya zaidi ya shilingi 70,000. Naomba tuitazame hesabu hii kwa makini kabla hatujasikiliza maneno ya mtu yeyote anayesema pakanga inalipa au hailipi, kwa sababu jibu limo ndani ya asilimia ile.

Kinachoamua asilimia ni mbegu, mwinuko, siku ya kuvuna na namna ya kukausha. Mbegu chotara inapaswa kununuliwa upya kila msimu, kwani ukiweka akiba mbegu za shamba lako, kizazi kinachofuata hutawanyika: mche mmoja mrefu, wa pili mfupi, mwingine unachanua ukiwa haujafika magotini. Mbegu yenyewe ni vumbi. Gramu moja ina zaidi ya mbegu 10,000, na mkulima huzichanganya na mchanga mkavu ndipo aweze kuzisambaza kitaluni, kisha hazifukii, kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote. Mvua moja ya kishindo juu ya kitalu kisichoezekwa inaweza kusomba mbegu zote.

Siku ya kuvuna ina uzito zaidi ya yote. Atemisinini hufikia kilele pale mmea unapokaribia kuchanua, kisha inapungua. Mkulima anaona mmea bado unaongezeka kimo na anatamani kusubiri wiki mbili zaidi ili apate kilo nyingi. Kilo zinaongezeka kweli, lakini alichokuwa anakiuza kimeanza kuondoka. Baada ya kuvuna, matawi hukaushwa, hupigwa juu ya turubai, na majani huchekechwa ili vijiti vibaki nje. Shika konzi moja ya jani lililokauka sawasawa: linavunjika na kuwa ungaunga wa kijani, na harufu yake inakwaruza pua. Likijikunja bila kuvunjika, bado lina maji, na jani lenye maji likikaa guniani wiki moja linapata ukungu.

Nitaendelea na upande wa bei, kwa sababu huko ndiko wakulima wetu walikoumia.

Mwanzilishi wa uzi (Kabale)

Naendelea.

Atemisinini ilitengwa na watafiti wa China wakiongozwa na Tu Youyou mwaka 1972, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa muda mrefu haikuwa na soko kubwa. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto zenye atemisinini katika nchi ambazo klorokwini, dawa ya zamani ya malaria, ilikuwa imeshindwa, na mwaka 2004 Uganda nayo ikabadili mwongozo wake wa matibabu. Ghafla kila wizara ya afya ilitaka dawa ile ile, na majani hayakuwepo. Mwaka 2005 kilo moja ya atemisinini ilivuka dola 1,000. Wakulima wa China, wa Vietnam na wa kwetu Afrika Mashariki wakapanda kwa wingi, na ilipofika mwaka 2007 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 200. Watu wakang'oa, upungufu ukarudi, na mwaka 2011 bei ikakaribia tena kule ilikotoka, wakati mpango wa kimataifa wa ruzuku ya dawa za malaria, ambao Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zake za majaribio, ulipoongeza maagizo. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa imerudi kwenye dola 250 hivi.

Sababu ya kupanda na kushuka huku ni muda. Kuanzia mbegu kuingia kitaluni hadi kidonge kufika zahanati hupita zaidi ya mwaka mmoja. Bei nzuri unayoisikia leo inatokana na upungufu wa waliopanda mwaka uliopita, na jani lako litafika sokoni pamoja na majani ya watu wote waliosikia habari hiyo siku moja na wewe. Waliolima vanila Mukono, Kayunga na Bundibugyo wakati wa bei kubwa za mwaka 2003 wanaijua hali hii bila kuelezwa.

Pakanga ina udhaifu mwingine, nao ni udogo wa soko. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kutengeneza atemisinini kwa kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba katika kiwanda chake cha Garessio, Italia, chenye uwezo wa takriban tani 60 kwa mwaka, na uwezo huo ulihesabiwa kuwa theluthi moja ya mahitaji ya dunia. Maana yake mahitaji ya dunia nzima yalikuwa kama tani 180. Gawanya kwa kilo 5 za ekari yetu ya mfano: ekari 36,000, yaani kilomita za mraba 150 hivi, eneo dogo kuliko wilaya nyingi za Uganda. Zao ambalo dunia nzima inaweza kutoshelezwa na ardhi ndogo kiasi hicho halina nafasi ya kupokea wakulima wote wanaolikimbilia kwa wakati mmoja. Katika mahindi au maharage, ekari elfu kumi za ziada hazitikisi bei ya dunia. Hapa zinaitikisa.

Kiwanda kile cha Garessio, nacho, hakikuweza kushindana na jani. Atemisinini yake iligharimu dola 350 hadi 400 kwa kilo, huku ile ya shambani ikiuzwa kwa 250, na mwaka 2016 kiliuzwa kwa kampuni ya Huvepharma ya Bulgaria. Wapo wanaolichukulia jambo hili kuwa ushindi wa mkulima. Mimi nalitazama kwa tahadhari: teknolojia ipo bado, na bei ikipanda juu ya kiwango kile na kukaa huko, hakuna kitakachowazuia kuirudia. Wazee wa Kisoro waliolima pareto wanajua jinsi dawa za wadudu za kutengenezwa maabara zilivyolibana soko la maua yao.

Halafu tumtazame mnunuzi wa mwisho. Mgonjwa wa Ntungamo hanunui atemisinini. Hupewa dawa mseto ambayo sehemu kubwa imelipiwa na Mfuko wa Dunia (unaogharimia vita dhidi ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria) na serikali za nje. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa mwaka 2025, jambo hilo lilihusu zahanati, lakini lilihusu pia kila mtu mwenye shamba la pakanga, hata kama hakuna aliyemwambia.

Mchangiaji wa Kisoro

Ndugu mwanzilishi, nashukuru kwa maelezo yenye kina. Mimi nina vipande vinne vya ardhi katika vilima tofauti, na kwa jumla havifiki ekari mbili. Kila kipande kina makingamaji ya tangu enzi za babu. Sasa hivi nalima viazi na maharage kwa kupokezana. Shamba moja limeanza kunyauka kwa ule ugonjwa wa bakteria, na nilikuwa nikifikiria kulipumzisha kwa pakanga. Unanishauri vipi?

Mwanzilishi wa uzi (Kabale)

Ndugu yangu wa Kisoro, swali lako ni zuri kwa sababu linagusa gharama ambayo haionekani kwenye daftari. Pakanga hukaa shambani miezi sita hadi minane ukihesabu kitalu na ukaushaji. Viazi hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Usiilinganishe ekari ya pakanga na ekari moja ya viazi; ilinganishe na misimu miwili ya viazi, au msimu wa viazi na msimu wa maharage. Ukitoa faida ya misimu hiyo miwili kutoka kwenye ile 1,228,000 ya mfano wangu, ndipo unajua kama pakanga imekuongezea kitu au imekunyang'anya. Viazi pia vina jambo ambalo pakanga haina: bei ikianguka, watoto wanakula. Na unaweza kuviuza kwa gunia moja moja kwa malori yanayokwenda Kampala, wakati pakanga haina mnunuzi wa pembeni mwa barabara.

Kuhusu shamba linalonyauka, ni kweli kwamba kulipumzisha na jamii ya viazi, nyanya na bilinganya kunasaidia, na pakanga haimo katika jamii hiyo. Kwa sababu hiyo naona inafaa kipande hicho kimoja, si vyote vinne. Ila usilimie ardhini mabaki ya majani na kupanda mbegu ndogondogo papo hapo, kwa kuwa atemisinini yenyewe huzuia mbegu za mimea mingine kuota. Ondoa mabaki na uipe ardhi muda.

Vipande kutawanyika ni gharama pia. Mavuno ya pakanga yakiwa mabichi yana ujazo mkubwa sana, na kuyabeba kichwani kutoka kilima cha pili hadi kwenye turubai la kukaushia kunakula siku za kibarua ambazo mimi nilizikadiria kwa mtu mwenye shamba karibu na nyumba. Chagua kipande kilicho karibu na uwanja wako.

Mchangiaji wa Luweero

Habari za kazi. Huku kwetu ardhi ni tambarare na ya kutosha, na trekta linapita. Kwa nini kilimo hiki kisihamie Luweero au Nakaseke, ambako gharama ya kulima ni ndogo?

Mwanzilishi wa uzi (Kabale)

Ndugu, tatizo ni jua lenyewe. Pakanga ni mmea unaochanua mchana ukiwa mfupi, na sisi tulio karibu na ikweta tuna mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo mmea huona kila siku kuwa ni siku ya kuchanua. Katika nyanda za chini zenye joto hukimbilia maua ukiwa bado mdogo, na jani linakuwa kidogo. Baridi ya mwinuko wa Kabale, ambao ni kama mita 1,800 na zaidi, huchelewesha mmea na kuupa muda wa kuongeza matawi. Pamoja na mbegu zilizochaguliwa kwa kuchelewa kuchanua, ndiyo sababu kilimo hiki kilijikita Kigezi na katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mwenye ardhi Kapchorwa ana nafasi nzuri kuliko mwenye ardhi Luweero, hata bila trekta.

Mchangiaji wa Kampala

Mimi ni mama mfanyabiashara wa mitishamba iliyokaushwa. Tangu mwaka 2020, Madagaska ilipotangaza kile kinywaji cha Covid-Organics, wateja huniulizia majani ya chai ya pakanga. Je, wakulima hawawezi kuniuzia mimi bila kupitia kiwandani? Nami nalipa taslimu.

Mwanzilishi wa uzi (Kabale)

Mama yangu, heshima zako. Naelewa kwamba pesa taslimu ni kitu kikubwa kwa mkulima aliyezoea kusubiri. Lakini nitasema wazi msimamo wangu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya pakanga kwa kinga wala tiba ya malaria, kwa sababu kikombe kimoja hakina kipimo kinachojulikana, na dozi pungufu humwacha mgonjwa na vimelea vilivyobaki hai. Watafiti walithibitisha kaskazini mwa Uganda, na kuchapisha mwaka 2021, kwamba vimelea vyenye ustahimilivu kwa kiasi dhidi ya atemisinini vimekwisha kujitokeza nchini mwetu. Mkulima wa pakanga ana sababu mbili za kulichukulia jambo hili kwa uzito: ana watoto wanaougua malaria, na siku dawa hii itakaposhindwa, zao lake litakuwa kuni. Kama bidhaa yako ni ya matumizi mengine, iandikishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, uandike kwenye pakiti kwamba si dawa ya malaria, na ununue kwa mkataba kama mnunuzi mwingine yeyote. Soko hilo lipo, ila lilivuma kwa sababu ya taharuki, na nisingemshauri mtu apande ekari nzima kwa ajili yake.

Mchangiaji wa Mbarara

Kuna jambo linaniuma, wanajukwaa. Kiwanda cha Quality Chemical kipo Luzira tangu mwaka 2007, kinatengeneza dawa mseto hapo hapo Kampala. Pakanga inaota Kabale. Kwa nini basi mkulima wetu ategemee bei ya China?

Mwanzilishi wa uzi (Kabale)

Ndugu wa Mbarara, nami linaniuma, lakini tuangalie hatua zilizopo katikati. Jani hukamuliwa likatoa atemisinini ghafi, ikasafishwa ikawa chembechembe nyeupe, ikageuzwa kikemia mara mbili kuwa atemeta, ndipo ikachanganywa na lumefantrini, dawa ya pili ya mseto huo, na kugandamizwa kuwa kidonge. Hatua ya kwanza iliwahi kujengwa hapa Kabale. Hatua ya mwisho ipo Luzira. Zile za katikati hufanyika zaidi India na China, katika viwanda ambavyo vimekaguliwa na kukubaliwa kimataifa, na mtengenezaji wa vidonge anayeuza kwa Mfuko wa Dunia hawezi kuchukua kiambato kutoka mahali ambapo hapajakubaliwa. Chembechembe zikitoka Kigezi, hupanda meli na kurudi zikiwa kiambato kilichokwisha kubadilishwa, na njiani zimekutana na chembechembe za China zenye kiasi kikubwa zaidi na gharama ndogo zaidi. Kutaka hatua hizo zijengwe Uganda ni dai la haki, ila linahitaji soko la kudumu la Afrika Mashariki nzima. Ekari chache za Kabale hazitoshi kulisha mtambo wa aina hiyo, na mwekezaji ataanza kwa kuuliza hilo.

Mchangiaji wa Kisoro

Nimerudi. Wakala amefika kijijini na mbegu za mkopo, zitakatwa wakati wa mavuno. Karatasi yake inasema jani litanunuliwa "kwa bei ya soko baada ya kupimwa kiwandani". Wenzangu wengi wameweka saini. Nifanye nini?

Mwanzilishi wa uzi (Kabale)

Ndugu yangu, usiweke saini karatasi hiyo kama ilivyo. Bei ya soko ya pakanga haitangazwi redioni kama ya kahawa, kwa hiyo maneno hayo yanamwachia mnunuzi aandike namba anayoitaka. Dai iandikwe bei ya chini kabisa kwa kilo katika asilimia fulani, na nyongeza kwa kila sehemu inayozidi. Bila nyongeza hiyo, anayevuna kwa wakati na kuchekecha vizuri analipwa sawa na anayejaza vijiti. Dai iandikwe tarehe ya kuja kuchukua mzigo na nani anabeba hasara gari lisipofika, kwa kuwa jani lililokaa ghalani hupungua thamani kila mwezi. Dai siku ya malipo.

Na kipimo kisibaki mikononi mwa mnunuzi peke yake. Siku ya kupima, chukueni majani kutoka juu, katikati na chini ya kila gunia, myachanganye kwenye turubai, mjaze pakiti tatu, mzifunge na kuzitia saini pande zote mbili. Moja iende kiwandani, moja ibaki na kikundi chenu, na ya tatu ihifadhiwe mahali pakavu kwa ajili ya maabara huru endapo mtabishana. Gharama ya kipimo kimoja mkiigawana watu ishirini haiumizi. Ukiibeba peke yako itakula faida ya kipande chako, ndiyo maana nakushauri uingie kama kikundi au usiingie kabisa.

Wakala akikubali mambo haya, panda kile kipande kimoja kilichonyauka. Akikataa, mrudishie mbegu zake pakiti ikiwa haijafunguliwa, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mwandikishiane kwamba deni halipo.